Kompyuta ya Sebuleni Inaponyamaza: Miaka 30 ya Sauti Kwenye Linux

Chukua kompyuta ya mtumba, ile iliyotoka ofisini kwa watu, uisafishe, uiwekee Linux, kisha uichomeke kwa waya wa HDMI kwenye risiva yenye spika zake tano au saba na sabufa pembeni. Fungua filamu. Picha inakuja safi kabisa. Sauti je? Hapo ndipo utakutana na moja ya mambo manne: kimya kabisa, au mlio mkali wa "shhhh" kama redio iliyopotea stesheni, au sauti ipo ila inatoka spika mbili tu, au zote zinalia, lakini kioo cha risiva kinaandika DTS wakati filamu yako ni ya DTS-HD.

Ukiuliza, utaambiwa "ah, Linux na sauti haziivi," na mazungumzo yanaishia hapo. Mimi sikubali jibu hilo. Kila moja ya kasoro hizo nne ina tarehe yake ya kuzaliwa. Kuna watu walikaa mezani mwaka fulani wakaamua jambo fulani, wakati mwingine kwa sababu nzuri ya kihandisi, wakati mwingine kwa sababu ya kulinda biashara, na wewe leo unakula matunda ya uamuzi huo sebuleni kwako. Ukijua historia, unajua pa kushika.

Tuanzie kwenye waya wenyewe, kwa sababu hapo ndipo hesabu ilipo.

Bomba la biti milioni moja na nusu

CD ilipoingia sokoni mwaka 1982 ilibeba sauti ya chaneli mbili, sampuli 44,100 kwa sekunde, kila sampuli biti 16. Sony na Philips wakatengeneza pia njia ya kuhamisha sauti hiyo kidijitali kutoka deki kwenda kwenye amplifaya. Ndiyo S/PDIF, ile tundu ndogo yenye mwanga mwekundu unayoiona nyuma ya TV na deki nyingi. Njia hiyo iliundwa kwa ajili ya sauti mbichi ya chaneli mbili, basi. Ukipiga hesabu kwa sampuli 48,000 mara biti 16 mara chaneli 2, unapata biti 1,536,000 kwa sekunde.

Miaka kumi baadaye sinema zikahamia kwenye sauti ya kidijitali ya kuzunguka. Dolby Digital ilianza na Batman Returns mwaka 1992, DTS ikafuata na Jurassic Park mwaka 1993. DVD ilipotoka Japani mwishoni mwa 1996, kila mtu alitaka chaneli sita nyumbani. Lakini chaneli sita mbichi haziingii kwenye bomba la chaneli mbili. Ufumbuzi ulikuwa wa kijanja: sauti inabanwa, halafu vipande vilivyobanwa vinafungwa ndani ya bahasha inayofanana kabisa na sauti mbichi ya stirio. Waya haujui tofauti. Risiva ndiyo inayofungua bahasha na kugawa chaneli sita. Dolby Digital kwenye DVD ilihitaji biti 448,000 tu kwa sekunde, kwa hiyo iliingia na nafasi ikabaki. DTS, kwa kiwango chake cha juu, ilihitaji takribani 1,509,000. Linganisha na ile 1,536,000 ya juu. Limejaa hadi shingoni.

Sasa fikiria: risiva itajuaje kwamba kilichoingia ni bahasha na siyo muziki? Kuna alama ndogo, biti moja, inayosema "hii si sauti ya kawaida." Alama hiyo isipowekwa, risiva nyingi hutegemea tu kutambua maneno ya utambulisho yaliyo mwanzoni mwa kila bahasha. Isipotambua, inachukua data iliyobanwa na kuipiga kwenye spika kama sauti. Data iliyobanwa vizuri, kihisabati, inafanana na namba za bahati nasibu. Na namba za bahati nasibu zikipelekwa kwenye spika zinatoa kelele nyeupe, tena kwa nguvu yote. Huo ndio ule mlio wa "shhhh". Punguza volyumu ya risiva kabla ya kuanza majaribio, jamani. Kuna watu wamechoma twita zao hivi.

Kutoka hapo unapata pia sheria ambayo haina msamaha: bahasha haiguswi. Programu yoyote ikipunguza volyumu kwa kuzidisha kila sampuli kwa 0.8, muziki wa kawaida utapungua tu sauti, lakini bahasha itaharibika na haifunguki tena. Ndiyo maana ukipitisha sauti moja kwa moja kwenda kwenye risiva, kitelezi cha volyumu cha kompyuta hakifanyi kazi, au kikifanya kazi kinaua sauti. Hiyo si hitilafu. Ni tabia ya bahasha.

Nani anashika kadi ya sauti?

Upande wa Linux, hadithi inaanza mwaka 1992. Mfinlandi Hannu Savolainen aliandika draiva ya kadi ya Sound Blaster, na kazi yake ikakua kuwa mfumo uitwao OSS. Ulikuwa mwepesi na wa kueleweka: kuna faili iitwayo /dev/dsp, andika biti ndani yake, spika inalia. Tatizo lake ni kwamba kwa kadi nyingi, programu moja tu ndiyo ingeweza kuishika faili hiyo kwa wakati mmoja. Kama kivinjari kimeishika, kicheza muziki kinasubiri nje.

Mwaka 1998 Jaroslav Kysela, kutoka Ucheki, akaanza kazi ambayo ilizaa ALSA. Awali ilikuwa ni draiva ya kadi moja tu, Gravis Ultrasound. ALSA ikaingia rasmi ndani ya kerneli, na kerneli 2.6 ilipotoka Desemba 2003 ikawa ndiyo njia kuu. Lakini wakati huohuo watengenezaji wa kompyuta walikuwa wameacha kadi za bei na kuweka chipu za sauti za rahisi kwenye ubao mama, ambazo haziwezi kuchanganya sauti mbili zenyewe. ALSA ikaongeza kichanganyaji cha programu, dmix, kinachopeleka kila kitu kwenye kiwango kimoja, mara nyingi sampuli 48,000. Halafu mwaka 2004 Lennart Poettering akaanza mradi ambao baadaye uliitwa PulseAudio, seva ya sauti inayokaa juu ya ALSA na kuchanganya sauti za programu zote, kila moja na volyumu yake. Fedora 8 iliiweka kama chaguo la msingi mwaka 2007, Ubuntu ikafuata na toleo la 8.04 mwaka 2008.

Unaona mgongano ulipo? Mwenye kompyuta ya kazi anataka sauti zichanganywe: muziki unacheza, ujumbe ukiingia usikie "ting". Mwenye kompyuta ya sebuleni anataka kinyume chake kabisa, kwamba biti zitoke kwenye faili na zifike kwenye risiva bila mtu yeyote kuzigusa. Kuchanganya ni kugusa. Seva ile iliyomfurahisha wa kwanza ilimtesa wa pili, na kwa miaka kadhaa ushauri uliozagaa ulikuwa "ondoa PulseAudio, maisha yaendelee." Nadhani lawama nyingi alizopata Poettering hazikuwa za haki. Alikuwa akitatua tatizo la watu wengi zaidi. PulseAudio 1.0, mwaka 2011, iliongeza njia ya kupitisha bahasha za S/PDIF bila kuziharibu, lakini jina lilikuwa limeshachafuka.

Hapa ndipo kwenye kasoro ya kwanza, ile ya kimya. Kabla ya kulaumu chochote, fungua terminali uandike alsamixer, chagua kadi yako kwa F6, tafuta vitufe vilivyoandikwa IEC958 au S/PDIF. Chini yake mara nyingi utakuta MM, maana yake vimezibwa. ALSA kwa desturi yake huanza na vitu vikiwa vimezibwa, tahadhari ya zamani ya kutokushtua spika za watu. Bonyeza M. Kuna jioni nyingi za watu zimepotea kwa herufi hiyo moja.

Sauti inayosafiri kwenye kivuli cha picha

HDMI ilitoka Desemba 2002, na kwa maoni yangu kipande kinachofuata ndicho kitamu kuliko vyote, ila hakizungumzwi sana.

Ndani ya HDMI hakuna waya wa sauti. Hakuna kabisa. Sauti inasafiri ndani ya nafasi tupu za picha. Enzi za TV za kioo kikubwa, zile zenye mgongo, mwale wa elektroni ulichora mstari kutoka kushoto kwenda kulia, kisha ulihitaji muda wa kurudi kushoto kuanza mstari mpya, na ukifika chini ulihitaji muda zaidi wa kurudi juu. Katika muda huo hakuna picha iliyotumwa. TV za bapa hazina mwale wowote wa kurudisha, lakini viwango vya picha viliendelea kubeba zile nafasi. Picha ya 1080p ina nukta 1920 kwa 1080 unazoziona, lakini kwenye waya inatumwa kama fremu ya nukta 2200 kwa 1125. Tofauti ni zaidi ya nukta 400,000 kwa kila fremu, karibu asilimia 16, ambazo hazionyeshi kitu. Wabunifu wa HDMI waliziona nafasi hizo wakasema: humo tutaweka sauti.

Ukishajua hilo, mambo mengi ya ajabu yanajieleza. Ukizima skrini kupitia mipangilio ya kuokoa umeme, sauti ya HDMI inakatika, kwa sababu picha ndiyo gari la sauti. Ukibadilisha kasi ya fremu kutoka 60 kwenda 24 ili filamu iende vizuri, sauti inakatika kwa sekunde moja au mbili na risiva inajitafuta upya. Na ukiweka picha ya ubora mdogo, kwa mfano 480p, nafasi tupu zinapungua mno kiasi kwamba chaneli nane za sampuli 192,000 haziingii. Mtu anakagua sauti usiku kucha kumbe shida ni ukubwa wa picha!

Kuna jambo jingine: kompyuta lazima ijue risiva inaweza kupokea nini. Risiva inajieleza kupitia waya huohuo, draiva ya picha inasoma maelezo hayo, kisha inaipa draiva ya sauti sehemu inayoihusu, inayoitwa ELD. Kwenye Linux unaweza kuisoma mwenyewe ndani ya /proc/asound, kwenye faili zinazoanza na jina eld. Ikiandika kwamba kifaa kilichounganishwa ni TV yenye chaneli mbili, basi umepata kasoro ya tatu: kompyuta haioni risiva, inaiona TV. Labda umechomeka waya kwenye TV kwanza. Labda uliwasha risiva baada ya kompyuta. Kwa kadi za Nvidia kuna kituko cha ziada. Amri ya aplay -l inaonyesha vifaa vinne vya HDMI, namba 3, 7, 8 na 9, hata kama nyuma ya kadi kuna tundu moja tu. Programu ikichagua namba 3 na tundu lako ni namba 7, utapata kimya chenye adabu, bila ujumbe wowote wa kosa. Wenye Radeon walikuwa na yao: kwa muda mrefu sauti ya HDMI ilizimwa ndani ya draiva huria mpaka uandike radeon.audio=1 wakati wa kuwasha.

Vita vya funguo

Hadi hapa nimesema habari za uhandisi. Sasa tuje kwenye siasa, maana bila siasa kasoro ya nne haieleweki.

DVD zilifungwa kwa usimbaji uitwao CSS. Deki na programu za kulipia zilikuwa na ufunguo. Linux haikuwa na kicheza DVD chenye leseni. Ulikuwa umenunua diski kwa pesa yako na huwezi kuitazama kwenye kompyuta yako. Oktoba 1999 ikatoka programu iitwayo DeCSS, na jina lililojulikana zaidi lilikuwa la kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, aliyekuwa na miaka 15. Alishtakiwa. Mahakama ikamwachia huru Januari 2003, upande wa mashtaka ukakata rufaa, akaachiwa tena Desemba mwaka huohuo. Hoja iliyokubaliwa ni rahisi: mtu hawezi kuvunja mlango wa kitu chake mwenyewe. Wakati huohuo wanafunzi wa École Centrale Paris, waliokuwa wameanza mradi wao wa kurusha video kwenye mtandao wa chuo mwaka 1996, wakatoa VLC na maktaba yake ya kusoma DVD. Wanafunzi, tena mradi wa chuo. (Siandiki hili kumsuta mtu yeyote kwenye idara yetu.)

Blu-ray ikaja mwaka 2006 na kufuli kali zaidi, AACS. Ikaja pia na sauti mbili mpya, Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, ambazo zinabana bila kupoteza hata biti moja ya kazi ya studio. TrueHD kwenye Blu-ray inaweza kufika megabiti 18 kwa sekunde, DTS-HD MA megabiti 24.5. Bomba la S/PDIF la megabiti moja na nusu lilikuwa limekwisha. HDMI 1.3, iliyotoka Juni 2006, ikaleta njia pana zaidi: bahasha ileile ya zamani, ila sasa imevaa sura ya chaneli nane za sampuli 192,000 za biti 16. Zidisha: 24,576,000 kwa sekunde, mara 16 kamili ya S/PDIF. Ile 24.5 ya DTS imejaa hadi shingoni tena, kama ndugu yake wa mwaka 1993.

Lakini kompyuta hazikuweza kuitumia. Kadi nyingi za Nvidia za wakati huo zilipata sauti yake kwa kuvuta waya mdogo wa S/PDIF kutoka ubao mama, kwa hiyo tundu lilikuwa la HDMI lakini bomba la ndani lilikuwa lilelile la miaka ya 1980. Na hata chipu ilipoweza, watetezi wa hakimiliki walidai njia ya sauti iliyolindwa kutoka diski hadi waya. Vicheza Blu-ray vya leseni kwenye Windows, visipoikuta njia hiyo, vilishusha sauti hadi sampuli 48,000 na biti 16. Yaani mnunuzi halali alipewa sauti pungufu kwa makusudi. Kadi ya kwanza ya michoro kupitisha sauti hizo mbili bila kuziharibu ilikuwa familia ya Radeon HD 5000, Septemba 2009.

Linux haikuwa na kicheza chenye leseni, hivyo haikuwa na wa kuitii. Watu wa kujitolea waliandika msimbo wa kufunga bahasha ile pana, kipande kwenye ALSA, kipande kwenye FFmpeg, kipande kwenye programu ya sebuleni iliyoitwa XBMC, ambayo tangu 2014 inaitwa Kodi. Jina la Anssi Hannula utalikuta kwenye yote matatu. XBMC 12, Januari 2013, ilitoka na injini mpya ya sauti inayopitisha TrueHD na DTS-HD MA kwenye Linux. Miaka saba baada ya diski za kwanza.

Turudi kwenye kasoro ya nne. DTS-HD MA ina kiini: ndani ya mkondo wake kuna DTS ya kawaida, na juu yake kuna nyongeza ya kurudisha kilichopotea. Njia ikiwa nyembamba mahali popote, au ukisahau kuwasha DTS-HD kwenye mipangilio, kinapita kiini peke yake. Risiva inaandika DTS, sauti nzuri tu, na wengi hawagundui kamwe. TrueHD haina kiini. Kwenye diski hulazimika kuambatana na mkondo wa Dolby Digital pembeni yake, na mtu akinakili filamu akabakiza TrueHD tu, kwenye waya wa S/PDIF hakuna cha kupitisha. Filamu mbili, kompyuta moja, waya mmoja: moja inalia, nyingine imenyamaza. Ukikuta hali hiyo, usiguse draiva. Angalia ni mkondo gani umo ndani ya faili.

Siku hizi unaweza kuuliza: kwa nini kuhangaika na bahasha? FFmpeg imekuwa ikifungua TrueHD yenyewe kwa miaka mingi, na tangu toleo la 3.0 la mwaka 2016 inafungua DTS-HD MA yote. Kompyuta inafungua, inatuma chaneli nane mbichi kupitia HDMI, na kwa kuwa kubana kwenyewe hakupotezi kitu, biti zinazofika ni zilezile. Kwa risiva ya 5.1 au 7.1 hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza, na PipeWire ya Wim Taymans, ambayo Fedora 34 iliiweka mahali pa PulseAudio mwaka 2021, inaibeba bila ugomvi. Chagua tu wasifu wa HDMI wenye chaneli nane badala ya stirio. Hata kale kaujumbe kanakosema "ting" kanasikika.

Ila kuna Dolby Atmos. Ilianza sinema mwaka 2012, ikafika kwenye Blu-ray mwaka 2014 ikiwa imejificha ndani ya TrueHD: pamoja na chaneli za kawaida kuna maelezo ya mahali kila sauti inaposimama hewani. FFmpeg inatoa chaneli na kuyaacha maelezo. Mwenye spika za darini akitaka mvua imnyeshee kutoka juu, inabidi arudi kwenye bahasha isiyoguswa: sampuli 192,000, chaneli nane, volyumu ya kompyuta imefungwa, skrini imewashwa.